UZAMILI WA MAMBO YA BAHARI: NJIA MBILI AMBAZO MFANYAKAZI WA JUBA ASIZICHANGANYE

Vijana wengi wa hapa Juba, na hata wazee wao walioko viwandani na mashambani, wanaulizia masomo ya uhandisi wa meli na mambo ya bahari. Wengine wanataka kufika moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili, yaani ile inayofuata baada ya shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Jambo hilo si baya hata kidogo. Lakini anayetaka kuuza ng'ombe, au kuchukua mkopo katika chama cha akiba, ili amsomeshe mtoto, hapana budi aelewe kwanza ni kitu gani anachokinunua. Shahada ya uzamili ni kitu kimoja. Ruhusa ya kuendesha mashine za meli baharini ni kitu kingine. Vitu hivyo viwili hupatikana kwa njia mbili tofauti, na mwenye kuzichanganya aweza kumaliza fedha na miaka yake asipate alichokitaka.

Mchanganyiko huu umeletwa kwa sehemu na lugha ya Kiingereza. Kwa Kiingereza neno masta ni la shahada ya uzamili, na neno hilo hilo ni la nahodha wa meli. Kijana anaposikia "masta wa mambo ya bahari" hujiona tayari amesimama kwenye usukani. Kiswahili kimetuepusha na tatizo hilo: uzamili ni uzamili, na nahodha ni nahodha.

Njia ya kwanza ni ya chuo kikuu. Mtu anamaliza sekondari, anasoma shahada ya kwanza ya uhandisi kwa muda wa miaka minne au mitano, kisha anasoma uzamili kwa mwaka mmoja au miwili. Akimaliza, anafaa kazi za ofisini na za ukaguzi: kuchora meli, kukagua usalama wake, kusimamia karakana ya bandari, kufanya kazi katika bima, katika mamlaka ya bahari ya serikali, au kufundisha chuoni. Njia ya pili ni ya melini. Hiyo haipimwi kwa shahada bali kwa cheti cha umahiri, na cheti hicho hutolewa na mamlaka ya bahari ya nchi, siyo na chuo kikuu. Nchini Kenya, mathalani, chombo chenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na Tanzania Bara ni shirika la TASAC.

Masharti ya cheti hicho yamewekwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na zamu za mabaharia, ambao kwa kifupi huitwa STCW. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1984, ukafanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 1995, na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa ofisa wa zamu katika chumba cha mashine chenye injini ya kilowati 750 au zaidi, mkataba unadai mafunzo ya karakana na utumishi wa melini, jumla yake isipungue miezi 12, ndani ya programu iliyoidhinishwa, na angalau miezi 6 kati ya hiyo awe amesimama zamu ya mashine chini ya ofisa. Asiyepitia programu hiyo anatakiwa kuwa na miezi 36, na kati ya hiyo miezi 30 iwe ya baharini. Baada ya hapo ndipo huanza ngazi ya kuelekea injinia wa pili na injinia mkuu, na kila daraja lina miezi yake ya utumishi na mtihani wake. Mtu mwenye uzamili kutoka chuo chenye sifa, ambaye hajawahi kusimama zamu hata usiku mmoja, haruhusiwi kuiongoza zamu hiyo. Karatasi yake haimsaidii hapo.

Sasa tuseme lile linalowagusa watu wa Juba zaidi ya wengine. Mkataba wa STCW unahusu meli za baharini. Vyombo vinavyofanya kazi katika maji ya ndani tu, yaani mito na maziwa, haviingii katika maana hiyo. Mto wetu unapitika kwa vyombo kutoka Juba mpaka Kosti, njia ya kilomita 1,400 hivi, kupita Mongalla, Terekeka, Bor, Malakal na Renk, na katikati yake kuna lile bwawa kubwa la Sudd lenye mafunjo na njia zinazohama. Wako mafundi waliotumikia tagi na matishali ya njia hiyo muda wote wa ujana wao. Wanaijua injini kwa mlio wake. Wanajua kuutoa mchanga na majani katika bomba la maji ya kupoza mashine hali chombo kimenasa katikati ya mafunjo. Hata hivyo, fundi kama huyo akienda Mombasa na barua ya mwajiri wake ya miaka 20 ya mtoni, miaka hiyo peke yake haimpi utumishi wa baharini. Ataambiwa aanze chini. Kwa maoni yetu haki hapo ni ndogo, lakini ndivyo sheria ilivyo, na ni afadhali mtu alijue jambo hilo akiwa bado yuko Juba kuliko alijue akiwa amekwisha lipa nauli na pango la chumba.

MASHINE NI ZILE ZILE

Mfanyakazi wa kiwandani asidhani kwamba meli ni ulimwengu mwingine. Anayefanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha sukari anajua presha, anajua valvu ya usalama, anajua kwamba maji mabaya huleta magamba ndani ya mabomba. Boila iko melini pia, na mojawapo ya kazi zake ni kupasha moto mafuta mazito, kwa sababu mafuta hayo yakiwa baridi ni mazito kama lami na hayapiti kwenye pampu. Kabla hayajaingia katika injini husafishwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi na kutenganisha maji na takataka, kwa kanuni ile ile ya mashine inayotenganisha krimu na maziwa. Pampu, beringi, kompresa, jenereta, ubao wa swichi, vyote vimo. Kilicho kigeni ni ukubwa. Injini kuu ya meli kubwa ya makontena hutoa zaidi ya nguvu-farasi 100,000. Kipenyo cha silinda yake hukaribia mita moja, kiasi cha mtu kuweza kuingia ndani yake kuisafisha. Huzunguka taratibu, kiasi cha mara 100 au chini ya hapo kwa dakika, nayo imeungwa moja kwa moja na propela bila giaboksi.

Kwa hiyo fita wa kiwandani mwenye umri wa miaka 30 na zaidi, asiye na shahada, hana sababu ya kukimbilia uzamili. Meli zinaajiri mafita na wapaka mafuta wa chumba cha mashine, na mkataba una vyeti vya daraja hilo pia. Ufundi wake wa karakana ndio mtaji wake. Akishaingia kwa mlango huo, miezi ya baharini huanza kuhesabiwa.

Je, uzamili wenyewe unafundisha nini ambacho fundi hakijui? Tuchukue pampu. Fundi anaiona imeharibika, anaifungua na kuitengeneza. Mwenye uzamili huulizwa swali la namna nyingine: kwa nini pampu za aina ile zinaharibika katika meli zote za kampuni baada ya muda ule ule, na je, kosa ni la chuma, la mafuta, au la namna bomba lilivyochorwa? Au tuchukue mwendo. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli haipandi sawa na mwendo wake. Hupanda takriban kwa mwendo uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Meli inayokwenda maili 10 za bahari kwa saa ikitaka kwenda maili 12, mwendo umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini nguvu inayotakiwa huongezeka kwa asilimia 73 hivi. Hata ukitoa muda uliookolewa kwa kufika mapema, mafuta ya safari nzima yamezidi kwa asilimia 44. Mwajiri anayempigia nahodha kelele aharakishe, na huku anawakata wafanyakazi posho kwa sababu mafuta ni ghali, angefaa kuonyeshwa hesabu hiyo.

Somo jingine, na kwetu sisi wa mito na maziwa ndilo kubwa kuliko yote, ni la meli kusimama wima majini. Lori lililopakiwa juu sana hupinduka kwenye kona. Kila mtu ameliona hilo katika barabara ya Nimule. Chombo cha majini ni vivyo hivyo. Uzito ukipanda juu, au maji yakiingia chini na kuyumba huku na huku, au watu wote wakikimbilia upande mmoja, ile nguvu ya maji inayokirudisha chombo wima hupungua, na kuna kipimo ambacho kikipitwa chombo hakirudi tena. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Waliokufa walikuwa 228. Fundi mmoja wa mashine alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, alikuwa amebaki ndani ya chombo mahali palipokuwa na hewa. Vyombo hivyo vilikuwa na wafanyakazi wanaojua injini. Kinachotakiwa zaidi katika mambo kama hayo ni mkaguzi mwenye elimu ya kutosha kupiga hesabu ya mzigo, na mwenye madaraka ya kutosha kusema chombo hakiondoki. Hapo ndipo mtu wa uzamili anapokuwa na kazi ya kweli, hata katika nchi isiyo na bahari.

NCHI ISIYO NA PWANI

Wako watakaouliza: Juba iko zaidi ya kilomita 1,500 za barabara kutoka Mombasa, bahari inatuhusu nini? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 90, unasema kila nchi, iwe na pwani au isiwe nayo, ina haki ya kuwa na meli zinazopeperusha bendera yake baharini. Jirani yetu Ethiopia haina pwani tangu Eritrea ilipokuwa nchi huru mwaka 1993, lakini ina shirika lake la meli. Na katika mji wa Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, chuo kikuu cha mji huo kina taasisi ya mafunzo ya bahari. Huchukua wahandisi waliokwisha pata shahada ya kwanza ya mitambo au umeme, ikawafunza mambo ya meli, kisha wakapandishwa kwenye meli za kigeni kama wanafunzi wa melini. Tazameni mpangilio huo vizuri. Watu wenye shahada mkononi walikubali kushika tambara na spana kwanza. Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ina wahandisi vijana wa kutosha kuanza na mpango wa namna hiyo, na sisi hatuoni kwa nini usifikiriwe.

Kuhusu mto wenyewe, hakuna anayehitaji kushawishiwa. Vita vilivyozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023 viliyumbisha biashara ya Kosti, na upande wa kusini maporomoko yaliyo kati ya Nimule na Juba hayaruhusu chombo kupita; ndiyo maana enzi za ukoloni msafiri kutoka Uganda alishuka Nimule, akapanda gari mpaka Juba, ndipo akaingia katika meli nyingine. Kwa hiyo mto wa Juba ni mto wa kwenda kaskazini, wenye kina kidogo wakati wa kiangazi, unaotaka matishali yaliyochorwa kwa ajili yake. Chombo kinachopita kwenye maji haba huvutwa chini, tako lake likaribie mchanga, hasa kikienda kasi. Mwanafunzi wa uzamili anatakiwa kuandika utafiti, na hakuna anayemlazimisha kuandika juu ya bandari ya Ulaya. Kina cha mto kati ya Juba na Bor, uchakavu wa matishali, mafuta machafu yanayomwagwa majini ambamo watu huteka maji ya kunywa: kazi hizo zinamsubiri mtu wa hapa.

Mahali pa kusoma ni miji ya bandari zaidi. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1978 kama kituo kidogo cha mafunzo, kikawa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1991, na hutoa masomo ya uhandisi wa meli kuanzia ngazi za chini mpaka shahada ya kwanza. Mombasa kuna Chuo cha Bandari, na nchini Kenya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinafundisha shahada ya kwanza ya uhandisi wa meli. Aleksandria kuna chuo cha bahari cha nchi za Kiarabu kilichoanzishwa mwaka 1972, nacho kina masomo ya uzamili. Uingereza, vyuo vikuu vya Newcastle na Strathclyde vina jina katika uchoraji na uhandisi wa meli, ila ada zake kwa mtu wa nje ni mzigo mzito mno.

Anayetaka sayansi ya bahari, yaani samaki, mikoko, matumbawe, mawimbi, asijidanganye kuwa hiyo ni uhandisi. Ni somo jingine. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu mwaka 1978, ikirithi kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki, nayo hutoa uzamili. Ndugu zetu wa mashambani watapendezwa kusikia kwamba baadhi ya kazi za wataalamu wa huko ni kilimo hasa: mwani, ambao ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake.

Kuna mahali pamoja ambapo njia mbili tulizozieleza hukutana. Mwaka 1983 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilianzisha Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia mjini Malmö, Sweden. Uzamili wake ni wa miezi 14, nao unahusu usalama wa meli, sheria, bandari, nishati na mafunzo ya mabaharia. Pamoja na wenye shahada ya kwanza, chuo hicho huweza kumpokea mtu ambaye hakusoma chuo kikuu lakini ana cheti cha juu kabisa cha nahodha au injinia mkuu, pamoja na uzoefu wa kazi. Yaani aliyeanza kama mpaka mafuta, akapanda ngazi ya melini mpaka mwisho, aweza kuketi darasani na wenye shahada. Kiingereza hupimwa kabla ya kuingia, na waliosoma kwa Kiarabu wajiandae mapema. Ufadhili wa Sasakawa kutoka Japani umesomesha mamia ya watu huko tangu mwaka 1987, na mfuko wa mabaharia wa Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ITF, nao umewahi kulipia wanafunzi. Shirikisho hilo, lililoundwa London mwaka 1896, ni la vyama vya wafanyakazi. Waombaji wengi hupendekezwa na mwajiri au serikali, kwa hiyo mwenye nia asisubiri tangazo la gazetini. Aanze na barua ofisini kwake, na aombe chama kimsaidie.

KUHUSU MAWAKALA

Tumalizie na mawakala, kwa kuwa hapo ndipo fedha za wafanyakazi zinapopotea. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kutakiwa kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia, na pasi ya kusafiria au hati nyingine ya safari inayofanana nayo. Hata viza ni gharama ya mwenye meli. Mtu anayekuja mtaani akidai dola mia kadhaa za "kufungua nafasi ya melini" anavunja mkataba huo, awe na ofisi au asiwe nayo.

Na anayekuuzia "uzamili" wenye ahadi ya kazi ya uinjinia melini, mwulize maswali haya kabla ya kutoa shilingi: chuo kinatambuliwa na tume ya vyuo vikuu ya nchi gani, je, shahada hiyo inahesabiwa na mamlaka yoyote ya bahari katika kupata cheti cha umahiri, miezi ya melini itapatikana katika meli ipi, na jina la meli limeandikwa katika mkataba au limesemwa kwa mdomo tu? Cheti cha umahiri kina namba, na namba hiyo huulizwa kwa mamlaka iliyokitoa, siyo kwa wakala. Ukiletewa nakala ya cheti kama kielelezo, iandike namba hiyo pamoja na jina la mamlaka, uilete katika ofisi ya tawi lako ili barua ya kuuliza iandikwe. Jibu huchukua muda kufika, na wakala atakuhimiza usilisubiri. Fedha zibaki mfukoni mwako mpaka barua irudi.